Kuitazama Al-Kaaba kwa Juu: Majengo Marefu na Haki ya Jicho katika Miji ya Kale

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Mahujaji wetu wanaporudi nyumbani siku hizi hutuonyesha picha ya Al-Kaaba, na ndani ya picha hiyo hiyo, wapende wasipende, mna saa. Ukisimama katika matafu na kuelekeza macho upande wa kusini, huna namna ya kuikwepa. Majumba yale huitwa Abraj al-Bait, yaani Minara ya Nyumba, na ni sehemu ya wakfu wa Mfalme Abdulaziz kwa ajili ya Misikiti Miwili Mitukufu. Ni minara 7 iliyosimama juu ya kitako kimoja chenye maduka, na ule wenye saa una urefu wa mita 601. Ulikamilika mwaka 2012. Uso wa saa hiyo una upana wa mita 43, ilhali uso wa ile saa mashuhuri ya London haufiki mita 8. Al-Kaaba yenyewe ina kimo cha takriban mita 13. Piga hesabu, ndugu msomaji: zingepangwa Al-Kaaba 46 moja juu ya nyingine ndipo zingekaribia ncha ya mnara huo.

Makala haya yanakusudia kulitathmini jengo hilo, na kwa kupitia hilo kuitathmini kazi yenyewe ya kupima athari za majengo marefu kwa mandhari ya miji ya kale. Wahandisi na wahifadhi wa majengo wameiandikia kazi hiyo miongozo mingi. Kwa upande wetu, mazungumzo ya misikitini na barazani huwa ya namna mbili. Yuko asemaye kwamba hizo ni alama za Kiama, akanyamaza. Na yuko asemaye kwamba hayo ni maendeleo na mahujaji wanahitaji pa kulala, naye akanyamaza. Wote wawili hawajapima kitu.

Kurefusha majengo si haramu kwa dhati yake

Tuanze na yule wa kwanza. Hadithi ya Jibril (a.s.), ambayo kila mwanafunzi wa chuo ameihifadhi, inataja miongoni mwa alama za Kiama kwamba wachunga mifugo wasio na viatu watashindana kurefusha majumba. Hadithi ni sahihi, hapana shaka. Lakini Imam Nawawi (Allah amrehemu), katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ametahadharisha kwamba jambo kutajwa kuwa ni alama ya Kiama si dalili ya kuwa jambo hilo ni haramu, wala kwamba ni la kulaumiwa, na miongoni mwa mifano aliyoitoa ni huu huu wa majengo. Kwa hiyo anayetoa fatwa ya uharamu kwa kuitegemea hadithi hii peke yake amebebesha dalili mzigo usioubeba.

Na kuna jambo la pili linalowakwaza wengi: Je, sala ya aliye juu kuliko Al-Kaaba inasihi? Jibu ni kwamba inasihi. Mafakihi wetu wamesema wazi kuwa anayesali juu ya mlima Abu Qubais, ulio juu kuliko Nyumba Tukufu, sala yake ni sahihi, kwani kibla ni Nyumba na anga iliyo juu yake. Basi mgeni wa hoteli katika ghorofa ya juu kabisa hana tatizo la kibla. Tatizo, kama lipo, linatoka katika mlango mwingine, nao ni mlango wa madhara na adabu.

Mtu asiye mrefu wala mfupi

Mlango huo una historia kongwe kuliko watu wanavyodhani. Ibn Abd al-Hakam, mwanahistoria wa Misri aliyefariki mwaka 257 Hijria, amesimulia katika kitabu chake cha kufunguliwa kwa Misri kisa cha Kharija bin Hudhafa (r.a.). Huyu ndiye sahaba ambaye baadaye aliuawa na Khawariji akidhaniwa kuwa ni Amr bin al-As. Kharija alijenga chumba cha ghorofani katika mji mpya wa Fustat, na inasimuliwa kuwa hicho kilikuwa chumba cha kwanza cha juu katika mji huo. Habari zikamfikia Sayyidna Umar (r.a.) Madina kwamba mtu huyu anataka kuchungulia aibu za jirani zake. Umar hakuamuru kibomolewe papo hapo, wala hakumwachia mwenyewe. Alimwandikia gavana wake Amr aingie chumbani, aweke kitanda, amsimamishe juu yake mtu asiye mrefu wala mfupi. Ikiwa mtu huyo ataweza kuchungulia nje kupitia madirisha, chumba kibomolewe. Amr akafanya hivyo, mtu yule hakuyafikia madirisha, na chumba kikaachwa.

Ukikitazama kisa hiki kwa makini utaona kimekusanya kila kinachotakiwa katika tathmini: malalamiko, mpimaji asiyekuwa mwenye jengo, kipimo kinachojulikana kabla ya matokeo, hukumu iliyokwisha kutajwa ikiwa kipimo kitashindwa, na utekelezaji. Wataalamu wa leo huweka kamera kwenye kimo cha jicho la mtu aliyesimama, takriban mita 1.6, wakapiga picha ya mji, kisha wakachora jengo lililopendekezwa juu ya picha hiyo kwa kompyuta ili waone litakavyokaa. Kile kimo cha mita 1.6 ndiye yule yule mtu asiye mrefu wala mfupi.

Kutoka hapo mafakihi waliendelea. Isa bin Musa wa Tutila katika Andalus, aliyefariki mwaka 386 Hijria, aliandika kitabu kizima kuhusu kuta. Ibn al-Rami wa Tunis, fundi mwashi wa karne ya 8 Hijria aliyekuwa akitumwa na makadhi kwenda kukagua majengo yenye mizozo, aliandika kitabu kingine juu ya hukumu za ujenzi, na ndani yake anasimulia kesi alizoziona kwa macho yake. Wamaliki hawa walikuwa wakali sana katika kile walichokiita madhara ya kashfu, yaani mtu kufichuliwa ndani ya nyumba yake. Ukali huo haukuusaza hata msikiti: Sahnun wa Qairawan aliulizwa kuhusu mnara ambao muadhini akiupanda huona ndani ya nyumba za watu, akajibu kwamba wazuiwe kuupanda. Lakini katika kurefusha jengo kwenyewe walikuwa wepesi. Imepokewa katika Mudawwana kwamba mtu hazuiwi kuinua ukuta wake hata kama utamzibia jirani jua na upepo.

Hapa ndipo wanapokosea baadhi ya waandishi wa zama zetu, hasa wale wanaoandika kwa Kiingereza kuhusu kile wakiitacho mji wa Kiislamu, wanapodai kwamba fiqhi iliulinda mwonekano wa mji. Haikuulinda kwa lafudhi hiyo. Fiqhi iliangalia jicho linalotoka ndani ya jengo kwenda nje, na liliwahusu watu waliotazamwa. Tathmini ya leo inaangalia jicho linalotoka nje kuja kwenye jengo, na linahusu sura ya mji. Haya ni mambo mawili, na kuyachanganya ni kuwapa wapinzani wetu ushindi wa bure.

Mashafii, ambao ndio sisi wengi wa pwani hii, ni wapana zaidi kwa mwenye mali. Aliyesoma Minhaj anakumbuka mlango wa kuhuisha ardhi isiyo na mwenyewe: kila mtu hutumia milki yake kwa mujibu wa desturi, na akivuka mpaka wa desturi hudhaminishwa anachokiharibu. Mwandishi amefika mpaka wa kuruhusu, kwa kauli aliyoiona sahihi zaidi, mtu aigeuze nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au zizi, au aligeuze duka lake lililo katika soko la wauza nguo kuwa la mhunzi. Tulipokuwa tukilisoma hilo chuoni tulikuwa tukicheka, maana kila mmoja alimfikiria mhunzi wa mtaani kwao akihamia baina ya wauza kanga. Lakini ruhusa ile imefungwa kwa sharti: awe amechukua tahadhari na ameziimarisha kuta. Ruhusa imekuja pamoja na tahadhari yake, na kipimo cha uvukaji mpaka ni desturi ya mahali. Na katika mlango huo huo ndimo limo somo la harimu, yaani eneo linalozunguka kisima, nyumba au kijiji, ambalo haliruhusiwi kumilikiwa na mtu mwingine kwa sababu bila hilo manufaa ya kitu chenyewe hayatimii. Wahifadhi wa miji ya kale wanapochora mpaka wa eneo la kinga kulizunguka eneo lililoorodheshwa, wanachora harimu.

Rai yangu, na ni rai tu, ni kwamba qiyasi hapa inawezekana. Ikiwa miongoni mwa manufaa ya mnara wa msikiti ni kuonekana, basi anga iliyo nyuma ya mnara ni katika harimu yake.

Makka walikuwa na kanuni yao

Ama Makka, huko hapakuhitajiwa qiyasi. Al-Azraqi, mwanahistoria wa mji huo wa karne ya 3 Hijria, amepokea kwamba Shaiba bin Uthman, wa ukoo ulioshika ufunguo wa Al-Kaaba, alikuwa akiangalia huku na huku, na kila alipoona nyumba iliyoinuka ikaichungulia Al-Kaaba aliamuru ibomolewe. Na amepokea pia kwamba Al-Abbas bin Muhammad, ndugu wa khalifa Al-Mansur, alipojenga nyumba yake mkabala na Msikiti Mtukufu aliwaagiza wasimamizi wake wasiiinue ikaichungulia Nyumba, bali sehemu yake ya juu kabisa iwe chini ya kimo cha Al-Kaaba, kwa kuitukuza.

Mtazame mtu huyu ni nani. Ni mwana wa ukoo uliotawala, na dola ni ya ndugu yake, na hakuna ambaye angemzuia. Kanuni haikumfikia kwa nguvu ya serikali, aliichukua mwenyewe. Hii ndiyo nguvu ya mapokezi haya, na ndio udhaifu wake pia, kwani ni habari za adabu na desturi, si aya wala hadithi ya Mtume (s.a.w.) ya kukataza. Siwezi kuyatumia kusema kwamba aliyejenga mita 601 ametenda haramu. Naweza kusema kwamba amevunja desturi ya mahali, na tumeona kwamba desturi ya mahali ndiyo mizani ya Minhaj.

Sehemu ulipo mnara nayo ina historia yake. Juu ya kilima cha Bulbul palikuwa na ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Waothmani katika karne ya 18 kuulinda mji na Msikiti. Mwezi Januari 2002 ngome ilibomolewa na kilima chenyewe kikasawazishwa. Serikali ya Uturuki ikalalamika kwa maneno makali, na Saudia ikajibu kwamba hilo ni jambo la ndani ya mamlaka yake. Mzozo ule ulikuwa wa mataifa mawili juu ya ngome, na katika kelele zake swali la kimo cha kitakachofuata lilipotea. Miongoni mwa waliokuwa wakilisema kwa miaka mingi ni mbunifu wa majengo wa Kisaudi, Sami Angawi, aliyeasisi kituo cha utafiti wa Hija mwaka 1975.

Makka haimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa hiyo ule wajibu wa kupeleka tathmini mbele ya Kamati haukuwahusu wajenzi. Jedda ya kale imo, tangu mwaka 2014, na imeorodheshwa kwa jina la Lango la Makka. Basi ajabu iliyoje! Lango lina harimu yake kwenye ramani, na Nyumba haina.

Wanaochagua mahali pa kusimama

Tusidhani hata hivyo kwamba penye UNESCO pana amani. Mji wa Istanbul una maeneo yaliyoorodheshwa tangu mwaka 1985, na sura yake inayojulikana dunia nzima ni ile inayoonekana kutoka baharini: Ayasofya, msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara 6, na juu ya kilima chake msikiti wa Suleymaniye uliojengwa na Sinan kati ya mwaka 1550 na 1557. Katika miaka ya 2010 yakaota majumba 3 ya ghorofa nyingi katika mtaa wa Zeytinburnu, ulio nje ya kuta za mji wa kale, kilomita kadhaa kutoka msikiti wa Sultan Ahmed. Ukisimama uwanjani mbele ya msikiti huyaoni. Ukipanda feri kutoka upande wa Asia unayaona yamekaa baina ya minara kama meno yasiyo ya kinywa hicho. Mwaka 2013 mahakama ya utawala ya Istanbul ilifuta vibali vyake, na waziri mkuu wa wakati huo, Erdoğan, alisema hadharani kwamba alimtaka mwenye mradi ayapunguze kimo. Majumba yamesimama hadi leo.

Hapa ndipo penye kasoro kubwa ya kazi hii ya kupima athari kwa mandhari, nami sijaona mwongozo ulioiponya kabisa. Miongozo ipo: Mkataba wa Vienna wa mwaka 2005, Pendekezo la UNESCO la mwaka 2011 kuhusu mandhari ya miji ya kihistoria, mwongozo wa ICOMOS wa mwaka huo huo wa 2011, na mwingine uliochukua nafasi yake mwaka 2022. Tathmini kwa kawaida hutaka picha zipigwe kutoka sehemu maalumu na athari ipangwe kwa daraja, kuanzia isiyokuwepo mpaka kubwa. Lakini anayechagua sehemu ya kusimama ndiye anayechagua jibu. Na mara nyingi anayelipa gharama za tathmini ni mwenye mradi. Umar (r.a.) hakumwambia Kharija akapime mwenyewe akalete majibu.

London wamejaribu kulitibu hilo kwa kuzitangaza mapema sehemu za kutazamia, na kuba la kanisa lao la St Paul's lina ulinzi wa kimo cha majengo ya jirani tangu miaka ya 1930. Mmoja wa mistari hiyo ya macho unatoka kwenye kilima katika bustani ya Richmond, zaidi ya kilomita 15 kutoka kanisani. Hata hivyo mwaka 2016 wakazi waligundua mnara wa ghorofa 42 unachomoza nyuma ya kuba kutoka kilimani pale, nao ulikuwa unajengwa Stratford, mbali upande wa pili wa kanisa. Kila aliyeidhinisha alikuwa ameangalia mbele ya kuba, wala hakuna aliyeangalia nyuma.

Mfano mwema zaidi naupata tena Istanbul. Daraja la reli lililofunguliwa mwaka 2014 juu ya Pembe ya Dhahabu lilikuwa limebuniwa na nguzo ndefu ambazo zingeshindana na Suleymaniye. Baada ya UNESCO kupinga, nguzo zikapunguzwa urefu zaidi ya mara moja. Daraja bado linaudhi, ukiniuliza mimi, lakini tathmini ilifanya kazi yake kwa kiasi, kwa sababu ilikuja kabla ya zege. Na mwezi Januari 2022 ukazuka mjadala mwingine mjini humo, safari hii kuhusu bweni la wanafunzi lililokuwa likijengwa na wakfu wa kielimu chini ya Suleymaniye hiyo hiyo. Nalitaja ili ijulikane kwamba nia njema ya mjenzi haimpunguzii jengo lake hata dhiraa moja.

Hukumu juu ya mnara

Sasa turudi kwenye mnara wa saa. Watetezi wake wana hoja, na ni dhulma kuzipita. Mahujaji waliopita milioni 3 mwaka 2012 walihitaji pa kulala, na wazee na wagonjwa wana haki ya kukaa karibu na Msikiti. Mapato ya wakfu huo ni kwa ajili ya Misikiti Miwili. Na wanasema pia: mbona minara ya Msikiti yenyewe imeipita Al-Kaaba kwa kimo tangu zamani za Bani Abbas?

Hili la minara ni jepesi. Mnara wa adhana ni mtumishi wa Msikiti, hakuna anayelala ndani yake. Na ukumbi walioujenga Waothmani kuizunguka matafu katika karne ya 16, wenye makuba madogo madogo, ulikuwa mfupi kiasi cha kuiacha Nyumba iwe ndiyo inayotangulia jichoni.

La malazi ni zito zaidi, lakini halijibu swali. Haja inahalalisha vyumba, haihalalishi kimo hicho wala mahali hapo. Vyumba vingi kwa bei ya chini vingeweza kusambazwa katika mabonde ya Makka pamoja na usafiri wa uhakika, na treni za Mashaair zilizoanza mwaka 2010 zimethibitisha kwamba kuwasafirisha watu kwa maelfu si muhali. Tena nani analala humo? Hujaji wetu wa kawaida kutoka Tanga au Pemba hulala mbali, akapanda basi. Kilichowekwa karibu na Msikiti ni hoteli za daraja la juu, na ndani ya hoteli hizo vyumba vinavyotazama Al-Kaaba huuzwa kwa bei ya juu kuliko vinavyotazama upande mwingine.

Jambo hili wakosoaji wengi wa mnara hawakuligusa. Wao walisema juu ya sura: saa imeiga London, mnara umeizidi Nyumba, mji umepoteza haiba. Maneno hayo ni kweli, na yanatokana na jicho la nje. Lakini kwa jicho la ndani, lile la Umar na la Shaiba bin Uthman, kosa ni kubwa zaidi. Kile ambacho watu wa Makka walikizuia, yaani kuichungulia Nyumba kutoka kwenye makazi yaliyo juu yake, sasa kimekadiriwa bei na kuwekwa kwenye tangazo la chumba. Al-Abbas bin Muhammad alikuwa na uwezo wa kukipata bure akakiacha. Lau mnara ule ungekuwa na uzuri wa Suleymaniye, kasoro hii ingebaki vile vile, na picha za kompyuta, hata zingepigwa kutoka sehemu 100, zisingeionyesha, kwa sababu zote zingepigwa kutoka nje.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba jengo limeshindwa katika vipimo viwili, cha nje na cha ndani, na kushindwa kwa ndani ndiko kuzito zaidi. Sisemi libomolewe, kubomoa mali ya wakfu ya namna ile ni madhara mengine, na kaida inasema madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Nasema tu kwamba mwenye mamlaka anao uwezo wa kuweka mpaka wa kimo kwa yale yatakayofuata, na kwamba hiyo ni katika siasa ya kisharia isiyopingika.

Na huku kwetu

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mpango wake wa uhifadhi ni wa mwaka 1994. Tukubali kwanza kwamba nasi tulikuwa na mnara wetu wa saa. Beit al-Ajaib iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 iliinuka juu ya mji mzima, misikiti ikiwemo, na ilikusudiwa kuonekana kutoka baharini. Leo tunailia, tangu sehemu yake pamoja na mnara wake ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na tunaihesabu kuwa ndiyo sura ya mji. Mwenye kudai kwamba kila kirefu kilichoingia mji wa kale ni uharibifu ajibu kwanza kuhusu Beit al-Ajaib. Jibu langu ni kwamba ilikuwa moja, ilikuwa ya dola, na ilisimama ukingoni mwa mji ikitazama bahari. Uhalali huo hauwezi kurithiwa na kila anayekuja na ramani ya hoteli.

Na hoteli zimekuja. Ile iliyojengwa Shangani kwenye eneo la Mambo Msiige na kufunguliwa mwaka 2015 iliifanya Kamati ya Urithi wa Dunia ilalamike juu ya ukubwa wa jengo jipya na athari yake kwa mandhari ya ufukweni. Malalamiko yalikuja, jengo likamalizika. Liverpool ya Uingereza ilifutwa katika orodha hiyo mwaka 2021 kwa majengo ya ufukweni kama hayo, na Dresden ya Ujerumani mwaka 2009 kwa sababu ya daraja. Kwa hiyo wanaodhani kwamba kufutwa ni kitisho cha karatasi wanayo mifano.

Lakini hata wahifadhi wetu wanapozungumza, huzungumzia ufukwe: mji unavyoonekana kutoka Forodhani au kutoka jahazini. Hicho ni kipimo cha nje, na ni haki kipimwe. Kipimo cha ndani hakitajwi. Nyumba za mawe za pwani hii, kuanzia Lamu mpaka Unguja, zilijengwa na kuta pofu upande wa njia na uwanja wa ndani ulio wazi kwa juu, ambapo wanawake wa nyumba hupika, huanika na kupumzika bila ya baibui. Uwanja huo haukuwa na kinga nyingine ila kwamba jirani naye ana kimo kama chako. Jengo la ghorofa 5 lenye mgahawa juu ya paa, lililozungukwa na nyumba za ghorofa 2, huenda lisionekane hata kidogo kutoka baharini, na likapata daraja ya kwamba halina athari, huku limefunua nyua za mtaa mzima kwa kila mgeni aliyekaa na kikombe cha kahawa. Hayo ndiyo madhara ya kashfu ambayo Ibn al-Rami alitumwa na kadhi kwenda kuyakagua.

Mamlaka inayotoa vibali inaweza kuongeza sharti hili bila kungojea mwongozo kutoka Paris. Kabla ya idhini, apandishwe jukwaa mtu wa kimo cha wastani mpaka usawa wa sakafu ya ghorofa ya juu kabisa iliyoombwa, awepo mjumbe wa mtaa na mwakilishi wa wenye nyumba za jirani, na iandikwe anaona nyua za nyumba ngapi. Ikiwa anaziona, kimo kipunguzwe au ukuta wa paa uinuliwe mpaka asizione, na iandikwe ndani ya kibali kwamba kikiukwa, sehemu iliyozidi itaondolewa kwa gharama za mwenye jengo. Wallahu aalam.